Hatua hamsini kutoka kwenye mgodi wake mwenyewe

Saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuuma Mwamagulu, na Paskalia Mabula ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijiji kakipa mgongo, mgodi kaupa uso. Mbele ya miguu yake kuna mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Ng'ambo ya mawe hayo liko duara, yaani shimo la dhahabu, ambalo kwa mujibu wa sheria ni la kikundi chake. Yeye haruhusiwi kuuvuka mstari.

"Mwangaluka, bhabha!" anapaza sauti, akiwaamkia kwa Kisukuma vijana wanne wanaozungusha winchi ya mkono.

"Mwangaluka, mayu!" wanamwitikia, wakimwita mama kwa heshima zote, na winchi inaendelea kulia.

Hapo alipo haoni mdomo wa duara. Kifusi kimerundikwa mbele yake kama ukuta, na kinachoonekana ni vichwa vya vijana tu, vikiinuka na kuinama. Kutoka kwenye chokaa hadi shimoni ni hatua hamsini kamili.

"Hata hatua zenyewe si zangu," anasema. "Alipima Donatus, bosi wa hawa vijana. Umemwona alivyo mrefu? Zingepimwa kwa miguu yangu ningekuwa karibu kidogo." Anacheka, halafu anaacha ghafla.

Mapajani ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi tatu. Ya kwanza ni leseni ya uchimbaji mdogo, inayosema eneo hili la ekari nane ni la Kikundi cha Wanawake Jikomboe, ambacho yeye ni mwenyekiti wake. Ya pili ni mkataba unaomkataza kulisogelea duara. Ya tatu ni hati ya makosa kutoka ofisi ya madini, inayosema leseni itafutwa kwa sababu halisogelei.

Hati hiyo ilitoa siku thelathini za kujieleza. Zimebaki tisa.

Kijana mmoja anakuja amebeba mfuko wa mawe begani, anaubwaga juu ya mstari, anarudi bila kutazama nyuma. Paskalia anaumwaga mfuko kwenye turubai, anachagua jiwe moja, analilowesha kwa mate, analigeuzageuza juani. Halimchukui muda.

"Hili ni la kujengea choo," anasema, na kulitupa pembeni.

Paskalia ana miaka arobaini na saba, na hakuna anayeweza kumdanganya kuhusu jiwe akiwa amelishika mkononi. Alizaliwa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, kwa wazazi waliolima pamba na mahindi. Mwaka wa pili wa ndoa yake, mumewe alisikia habari za rashi, kama wachimbaji wanavyoita mkumbo wa watu wanaokimbilia dhahabu mpya, akaenda Rwamgasa kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili sasa zimefikisha miaka ishirini na moja.

"Nilikuja Nyarugusu na binti yangu Ritha mgongoni, nikimuulizia," anasimulia. "Mume sikumpata. Nikapata nyundo."

Kwa miaka kumi na tisa aliponda mawe ya watu. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, jiwe amelizungushia pete ya mpira wa tairi ili vipande visiruke machoni, na kugonga tangu asubuhi hadi jua lizame. Malipo yalikuwa shilingi elfu moja na mia tano kwa ndoo ya unga wa mawe, na siku aliyoamka na afya njema alimaliza ndoo tatu. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Kifua kinamkohoza kila masika yakianza, na daktari aliyempima alimwambia aache vumbi, kana kwamba vumbi ni pombe.

Kisha yakaja makarasha, mashine za kusaga mawe, na wapondaji wakakosa kazi ndani ya misimu miwili. Wakati huohuo redio ikatangaza habari njema: serikali itatenga maeneo na kuwapa leseni wanawake na vijana, ili nao waache kuwa vibarua kwenye mashimo ya wengine.

Wapondaji kumi na mmoja walichanga kilichopatikana, wakajaza fomu, wakasubiri miezi kumi na moja. Kabla ya kukabidhiwa leseni waliitwa kwenye semina ya siku mbili, wakala wali na nyama, wakafundishwa sheria.

"Somo lililonikaa kichwani ni moja," anasema Lusia Boaz, katibu wa kikundi, mama wa watoto watano. "Mwalimu alituambia kila makubaliano yaandikwe, yasainiwe, yagongwe mhuri. Alitufanya tuimbe. Yaandikwe, yasainiwe, yagongwe mhuri. Tuliimba mpaka sauti zikakauka."

Walivyolifuata somo hilo ndivyo walivyojitia kitanzini, na katika habari hii yote hakuna linalouma kuliko hilo.

Leseni peke yake haichimbi. Inahitaji magogo ya kuzuia kuta zisianguke, pampu ya maji, winchi, kamba na wanaume wa kushuka. Jikomboe hawakuwa na hata kimoja. Ndipo akatokea Donatus Mwigulu, mchimbaji wa miaka mingi, anayeitwa Baba Luka na kila mtu hapa Mwamagulu. Alileta vifaa na vijana kumi na sita. Makubaliano yalikuwa ya kawaida ya huku: katika kila mifuko kumi ya mawe inayotoka, mitatu ni ya mwenye leseni, iliyobaki ni ya Donatus na watu wake.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Wanawake walifika shimoni kwa zamu, wakashuhudia mgao, wakapeleka uji na maji. Hakuna aliyewaambia kitu, ingawa wazee wa machimbo walikuwa wakitikisa vichwa.

Katika machimbo mengi ya ukanda huu wapo wanaume wanaoamini kwamba mwanamke akisogelea duara, na hasa akiwa kwenye siku zake, dhahabu hukimbia. Huwezi kuiona sheria hiyo kwenye kitabu chochote cha serikali. Lakini mchimbaji anayeshuka mita thelathini chini ya ardhi kwa kamba ya katani anaiogopa kuliko mkaguzi.

Siku moja, wakiwa wamefika mita ishirini na nne, mwamba wenye dhahabu ulipotea. Ulikuwepo jana yake, leo haupo. Na siku hiyo aliyekuwa amesimama mdomoni mwa duara na ndoo ya uji ni Lusia.

"Waliniuliza mbele ya wanaume kumi na sita kama niko kwenye siku zangu," anasema Lusia, na hata sasa hamtazami mtu usoni anapolisimulia. "Mimi mama mzima, nimeshika uji wao. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nilinyamaza. Wakasema, mnaona, amenyamaza."

Vijana waliweka zana chini. Siku nane duara lilikaa bila pampu, maji yakipanda, magogo yakianza kuoza. Siku ya tisa Donatus alifika kwa Paskalia na maneno ya upole. Alimweleza kwamba yeye binafsi hana tatizo na akina mama, ila vijana hawatashuka tena mpaka wahakikishiwe hakuna mwanamke atakayefika.

Lusia alitaka wakatae. Paskalia ndiye aliyekubali, na halifichi hilo.

"Nilikuwa naona maji yanavyopanda," anasema. "Halafu nikukumbushe, mimi nimeishi miaka yote hii humuhumu machimboni. Nilikuwa siamini, lakini sikuwa na uhakika kwamba siamini. Nikasema basi, tukae mbali, lakini tuandike. Nikiacha maneno matupu, leo watasema hatua hamsini, kesho watasema tusitoke majumbani. Nikakumbuka semina. Yaandikwe, yasainiwe, yagongwe mhuri."

Walikwenda kwa Ignas, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Nyarugusu. Ignas alikuwa na mkataba wa mtu aliyekodisha mashine ya kukoboa mpunga. Akaufungua, akabadilisha majina, akaongeza vifungu walivyomtajia. Kifungu cha nne kinasema mawe yatagawanywa mdomoni mwa duara, pande zote mbili zikiwepo. Kifungu cha sita kinasema mwenye leseni na wanachama wake hawatalisogelea duara kwa umbali wa hatua hamsini, kwa kipindi chote cha uchimbaji.

Wanawake kumi na mmoja walisaini. Donatus akasaini. Mhuri ukagongwa. Kati ya hao wote hakuna aliyesoma kifungu cha nne na cha sita kwa pamoja.

"Mimi ni mchapaji," anasema Ignas, akifuta kioo cha mashine yake ya kopi. "Mtu akiniambia niandike ng'ombe ana miguu mitano, naandika. Mama Ritha alikuwa na furaha siku ile. Aliniambia, mwanangu, sasa tumekuwa na maandishi."

Mwamba ulionekana tena baada ya wiki mbili, mita tatu kushoto. Vijana walishangilia, kwao ulikuwa ushahidi. Paskalia aliposikia alijua maana yake, maana amesikiliza habari za miamba kwa miaka ishirini.

"Ulikuwa umepinda tu," anasema. "Miamba hupinda. Ningekuwa pale ningewaambia. Lakini nilikuwa nyuma ya chokaa."

Miezi kumi na minne sasa yuko nyuma ya chokaa. Mgao unafanyika upande wa pili wa kifusi, halafu mifuko yake mitatu inaletwa. Katika muda huo wote, kila mwanachama wa Jikomboe amepata wastani wa shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi, kiasi ambacho Paskalia alikipita alipokuwa akiponda mawe ya watu bila leseni wala semina.

Mwezi uliopita waliwasili wakaguzi watatu. Lilikuwa limetoka agizo jipya: leseni zote za vikundi vya wanawake zikaguliwe, na zile zinazotumiwa na matajiri kama kivuli zifutwe. Ni agizo zuri. Lilitungwa kwa ajili ya mtu kama Paskalia, asije akafanywa jina tu kwenye karatasi huku wengine wakichota mali.

Kiongozi wa msafara aliuliza mwenye leseni ni nani. Paskalia alinyanyuka kwenye ndoo yake.

"Shikamoo mkuu, ni mimi," alisema, ingawa mkuu mwenyewe alikuwa kijana wa umri wa mwanawe.

"Marahaba. Aa, samahani, shikamoo wewe, mama. Haya, tupeleke ukatuonyeshe duara lako."

"Mimi huwa sifiki pale, mkuu. Tuna makubaliano."

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo linamkosesha raha. Hakuna aliyemwomba mkataba. Yeye mwenyewe, kwa fahari, aliufungua mfuko wa plastiki na kuutoa, mhuri ukiwa juu, ili wageni waone kwamba Jikomboe ni watu wa utaratibu.

"Aliusoma. Akaurudia," anasimulia. "Akamwita mwenzake, wakacheka kidogo. Halafu wakaupiga picha kwa simu. Nikadhani wameupenda."

Hati ya makosa ilifika baada ya wiki mbili. Lugha yake ni baridi. Inasema kikundi, kwa maandishi yake chenyewe, kimekabidhi shughuli zote za mgodi kwa mtu asiye na leseni, kimejiondoa katika usimamizi, na hivyo leseni hiyo ni ya kivuli.

Kwa maneno mengine, mwanamke aliyezuiwa kufika shimoni ameandikiwa kosa la kutofika shimoni.

Uchungu unazidi ukijua yaliyotokea kwenye mashimo mengine siku hiyohiyo. Wakazi wa Mwamagulu wanasimulia kuhusu eneo moja lisilo mbali, ambalo kila mtu anajua mwenyewe ni tajiri na wanawake ni majina. Asubuhi ya ukaguzi wanawake hao walishushwa kwenye gari aina ya Noah, wakavalishwa buti mpya na helmeti, wakasimamishwa mdomoni mwa duara. Wakaguzi wakawakuta, wakawasalimu, wakaandika kwamba mambo ni mazuri. Jioni Noah ikawarudisha makwao, na buti zikarudi stoo.

"Wale hawakuandika kitu," anasema Lusia. "Hawana mkataba, hawana kifungu cha sita, hawana mhuri. Wamepita. Sisi tuliosema ukweli na kuugonga mhuri ndio wezi."

Afisa mmoja wa madini anayelifahamu suala hili alikubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa. Si mtu mkatili. Alionekana kuchoka.

"Nikwambie ukweli, yule mama nilimwonea huruma," alisema. "Lakini mimi nasimamia kanuni. Kanuni inaniuliza: mwenye leseni anausimamia mgodi wake? Mkataba unasema hapana. Sasa niandike nini? Niandike kwamba eti dhahabu ingekimbia?"

Alipoulizwa kama kuna kanuni yoyote inayomwadhibu anayemzuia mwenye leseni kufika kwenye mgodi wake, alijibu kwa kifupi.

"Angeleta malalamiko, tungeyasikiliza," alisema. "Hakuleta malalamiko. Alileta mkataba."

Donatus Mwigulu alipatikana kivulini kwa turubai, akinoa patasi. Ana miaka hamsini na kitu, ni mrefu kweli, na anaongea taratibu. Anasema hana ugomvi na Paskalia, na kwamba binti yake wa kwanza alipozaa, Mama Ritha ndiye aliyempeleka zahanati.

"Lakini vijana hawa ukiwalazimisha wanakunja kamba wanaondoka," alisema. "Duara likibaki wiki mbili bila watu, ni kisima. Mimi nimeweka magogo yangu mle, nimeweka jasho. Nani atanirudishia?"

Kuhusu mkataba, yuko tayari kwa jambo moja. "Kifungu cha sita tukifute, serikali ifurahi. Mawe ya chokaa yabaki, vijana wafurahi. Yaishe."

Na leseni ikifutwa? Eneo hurudi serikalini, na linaweza kuombwa na Mtanzania yeyote. Donatus aliinama akaendelea kunoa patasi yake.

"Mimi pia ni Mtanzania," alisema. "Kuomba si dhambi."

Maneno hayo yalimfikia Paskalia jioni ileile, kama maneno yote yanavyofika Mwamagulu. Hakupiga kelele. Aliuliza kama ni kweli amesema "kuomba si dhambi", akaambiwa ndiyo, akaingia ndani kupika.

"Nilimpikia binti yake uji siku saba," anasema. "Siku saba. Baba Luka analijua hilo."

Kikundi kilikutana Jumamosi iliyofuata nyumbani kwa Lusia. Kulikuwa na machozi na maneno makali, mengi yakimwelekea mwenyekiti. Mmoja wao alimwambia waziwazi kwamba aliwauza kwa sahihi yake. Paskalia hakujitetea. Walikubaliana kuandika barua ya kujieleza, na Ritha, binti yake, akaiandika: kwamba kifungu cha sita kimefutwa, kwamba kikundi kitausimamia mgodi wake, kwamba wakaguzi wanakaribishwa kuja kuhakikisha.

Ofisi ilijibu upesi kuliko walivyotarajia. Wakaguzi watarudi Jumanne ijayo. Afisa yule alieleza watakachokitafuta, bila kuzungusha maneno: "Nikimkuta mdomoni mwa duara anafanya kazi yake, nitaandika hivyo. Nikimkuta kwenye ndoo yake nyuma ya mawe, nitaandika hivyo pia."

Lakini Donatus ameshatoa neno la vijana. Siku mwanamke wa kwanza atakapoivuka chokaa, winchi inafunguliwa na pampu inabebwa.

Kwa hiyo Paskalia amebanwa huku na huku. Akivuka, anabaki na leseni na shimo linalojaa maji. Asipovuka, anabaki na ndoo.

Jumapili duara halifanyi kazi. Nusu ya vijana wako kanisani, nusu wako Nyarugusu wanakunywa. Saa nne asubuhi ya Jumapili ya wiki iliyofuata, huku nyimbo zikisikika kutoka kanisani, Paskalia na Lusia walisimama kwenye mstari. Mlinzi, mzee Herman, aliwaona. Aligeuka na kuwapa mgongo.

"Mimi naangalia mbuzi, mayu," alisema. "Sijaona mtu."

Hapakuwa na mbuzi.

"Wabeeja," Paskalia alimshukuru, akainua mguu.

Alikwenda bila haraka, akihesabu kwa sauti ya chini. Kwa miguu yake zilikuwa hatua sitini na tatu. Alipolizunguka rundo la kifusi alisimama kwanza, akatengeneza kitenge chake kiunoni kama anayeingia nyumbani kwa watu.

Duara lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Ngazi ya miti ilizama gizani, na upepo wa baridi ulitoka chini ukagusa uso wake. Alishika gogo la juu, akalitikisa kuona kama ni imara, akaridhika. Ndipo alipoona, pembeni mwa mdomo, upande ule usioonekana kutoka kwenye chokaa, lundo lililofunikwa kwa magunia.

Alifunua gunia moja. Aliokota jiwe, la kijivu lenye michirizi ya kutu, ambayo kila mpondaji anaijua kuwa dalili ya dhahabu, akalilowesha kwa mate, akaligeuza juani. Safari hii ilimchukua muda mrefu.

"Vipi?" Lusia aliuliza.

Paskalia aliinama. Aliokota la pili, la tatu. Lusia aliuliza tena.

"Miezi kumi na minne," alisema mwishowe. "Miezi kumi na minne, Lusia, jiwe kama hili halijavuka chokaa hata mara moja."

Alikaa chini palepale, miguu ameinyoosha, mkao wake ule wa kuponda. Hasira ilikuwa imemjaa. Hakuwa akiwalaani vijana wala Donatus. Alikuwa akijilaani mwenyewe, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwamba mtu mzima mwenye macho yake ndiye aliyetaka liandikwe.

"Tubebe mawili, tuwaonyeshe ofisini," alisema Lusia, tayari amefungua khanga.

"Rudisha," Paskalia alimwambia. "Wakitukuta nayo watasema wanawake wameiba mawe."

Waliyarudisha mawe yote, wakayafunika kwa magunia kama yalivyokuwa. Waliiacha mali yao wenyewe kwa kuogopa kuitwa wezi. Waliporudi, mzee Herman alikuwa bado akiwaangalia mbuzi wake.

Jioni hiyo kikundi kiliitwa tena. Wanne kati ya kumi na mmoja bado wanaogopa, na mmoja anasema kwa dhati kwamba dhahabu itakimbia kweli na wote watakufa njaa. Saba wamesema watakwenda. Mpango wao hauna maajabu. Jumanne, kabla winchi haijaanza kulia, kila mmoja atabeba ndoo yake, watavuka mstari na kuketi kuzunguka mdomo wa duara. Vijana wakikubali kushuka, mgao utafanyika hapohapo, kila mtu akiona, kama kifungu cha nne kinavyosema. Wakikataa, wataondoka na winchi na pampu yao, lakini lile lundo chini ya magunia litagawanywa kwanza, mbele ya wakaguzi.

Na baada ya hapo? Pampu hawana. Wanaume wa kushuka hawana. Masika hayako mbali, na duara lisilovutwa maji halingojei mtu. Paskalia anajua hayo yote. Ameyahesabu usiku kucha.

Amebaki na nyundo, ambayo ameitoa uvunguni na kuikaza mpini upya. Pete ya tairi nayo ipo.

"Nitaanza nilipoishia," anasema. "Tutaponda fungu letu la lile lundo kwa mikono, tupate la kukodi pampu. Tukikosa, tumekosa. Lakini leseni watanikuta nayo mahali pake."

Anaulizwa kama bado kuna sehemu ndani yake inayoogopa, ile iliyomfanya asaini. Anatazama upande wa duara, ambako vichwa vya vijana vinainuka na kuinama nyuma ya kifusi.

"Ipo," anasema. "Kidogo ipo. Lakini kama dhahabu ni ya kukimbia, basi safari hii ikimbie naiona."